Viwanja vya vyuo Turkana visiachiwe jua

FEDHA za ujenzi wa vyuo zinapopatikana, ukumbi na ofisi ndizo hufikiriwa kwanza. Uwanja ulio baina ya majengo husahauliwa. Mjini Lodwar, ambako joto la mchana hufikia nyuzi 35 na kupita, uwanja usio na kivuli hauna faida kwa mwanafunzi hadi jua lishuke.

Jambo hili linashangaza katika jamii ambayo wazee wake huamua mashauri na masuala ya malisho chini ya mti.

Mfano mwema upo kando ya Ziwa Turkana. Bewa la Startup Lions, lililokamilika mwaka 2021, lilichorwa na Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso aliyetunukiwa tuzo ya Pritzker mwaka 2022. Minara yake ya kupitisha hewa imeigwa kutoka kwa vichuguu, na mabaraza yake yana kivuli. Hata hivyo, si kila chuo kitampata msanifu wa hadhi hiyo.

Wanafunzi wenyewe, wawe Lodwar, Kakuma au Katilu, wanaweza kujenga vibanda vya kukutania. Nguzo zipo: mathenge umetapakaa kandokando ya Mto Turkwel. Majani ya mkoma yanaezeka vyema, na akina mama wanaoyasuka wanastahili kulipwa kama walimu wa kazi hiyo.

Ugumu uko kwenye matunzo. Wanafunzi huhitimu wakaondoka, mchwa hubaki. Bila fungu la ukarabati katika bajeti ya chuo, kibanda hakitadumu.