Upasuaji wa kupunguza unene ni wa siku moja, utunzaji ni wa maisha

SIKU hizi si ajabu kusikia kuwa fulani aliyekuwa na uzani wa kilo 130 alikwenda hospitalini, akapasuliwa tumbo, na mwaka mmoja baadaye amebaki na kilo 80. Marafiki humpongeza, nguo zake za zamani humpwaya, na picha zake za kabla na baada ya upasuaji huzunguka kutoka simu hadi simu. Lakini je, msomaji, umewahi kuonyeshwa picha ya mwaka wa tano, au wa kumi?

Yafaa tujiulize swali hilo. Maoni yangu ni kuwa upasuaji huu ni tiba halali na yenye manufaa makubwa kwa anayeuhitaji. Hata hivyo, mgonjwa asiyekuwa tayari kutunzwa maisha yake yote hafai kulala kwenye meza ya upasuaji, na hospitali isiyokuwa tayari kumtunza haifai kushika kisu. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Kwanza tuwatendee haki waliopasuliwa. Kuna wanaowacheka wakidai kuwa wamekimbia mazoezi na kutafuta njia ya mkato. Hayo ni maneno ya kutojua. Unene wa kupindukia ni maradhi, nao huleta kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti. Nchini Uswidi, uchunguzi ulioanza mwaka wa 1987 uliwafuata watu zaidi ya 4,000 wenye unene huo, karibu nusu yao wakiwa wamepasuliwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2007 yalionyesha kuwa vifo miongoni mwa waliopasuliwa vilikuwa vichache kwa karibu robo, vikilinganishwa na vya wenzao.

Lakini uchunguzi uo huo una funzo jingine. Kati ya waliokuwa na kisukari kabla ya kupasuliwa, asilimia 72 hawakuwa nacho tena baada ya miaka miwili. Kufikia mwaka wa kumi, idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 36. Faida ni ya kweli, ila mtu hawezi kuipokea mara moja na kuisahau.

Ili kufahamu sababu, ni muhimu kujua kinachofanywa tumboni. Kuna njia mbili zinazotumika zaidi. Katika ya kwanza, karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula hukatwa na kuondolewa, ukabaki mwembamba mithili ya ndizi. Kilichoondolewa hakirudishwi. Katika ya pili, ambayo asili yake ni kazi ya Dkt Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka wa 1966, daktari hutengeneza kifuko kidogo sana na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi. Kwa hivyo chakula huruka sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba. Sehemu hiyo inayorukwa ndiyo hasa inayofyonza madini ya chuma.

Hapa ndipo hatari inapojificha. Mwili una akiba yake. Akiba ya vitamini B12 iliyo katika ini huweza kumtosha mtu kwa miaka kadhaa. Basi aliyepasuliwa hujiona mzima, huacha vidonge, huacha kwenda kliniki, na hakuna linalompata mwaka wa kwanza wala wa pili. Kisha akiba inapokwisha, huanza kuhisi ganzi miguuni, uchovu usioisha na usahaulifu. Kwa kuwa imepita miaka mingi, yeye mwenyewe hakumbuki tena kuhusisha hayo na upasuaji, na pengine hata daktari anayemwona hakuambiwa. Ganzi ikikaa muda mrefu bila kutibiwa, huenda isiondoke tena.

Madini ya chuma yakipungua, damu nayo hupungua, hasa kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi. Kalisi na vitamini D zikipungua, mifupa hudhoofika kimyakimya hadi siku ya kuvunjika. Kwa sababu hiyo vidonge hivi ni vya kila siku na vya maisha yote, na damu yapasa kupimwa angalau mara moja kwa mwaka. Usimeze kidonge cha chuma pamoja na cha kalisi. Viachanishe kwa saa mbili au zaidi. Na ile desturi yetu ya kushushia kila mlo kwa chai iangaliwe pia, kwa maana chai huzuia chuma kufyonzwa vizuri. Ngoja saa moja au mbili kwanza.

Mezani nako mambo hubadilika. Aliyepasuliwa hula kidogo kidogo, akianza na vyakula vya kujenga mwili kama mayai, samaki, kuku, maharagwe au ndengu, kabla ya kugusa ugali. Maji hunywa kando na mlo. Akinywa soda au kula keki, sukari huweza kushuka utumboni kwa kasi, akashikwa na jasho, kizunguzungu, moyo kumdunda na tumbo kuhara. Sasa mfikirie mtu huyu arusini au ukweni, sahani imejazwa pomoni, na mwenyeji anauliza kama chakula chake hakipendezi. Wewe uliye mwenyeji, usimlazimishe. Kula kwake vijiko vichache si dharau.

Kuna mambo mengine ambayo aghalabu hayatajwi siku ya kutia sahihi. Tumezoea kuingia duka la dawa na kununua tembe za maumivu bila kumwuliza yeyote. Kwa aliyepasuliwa, hasa kwa njia ile ya pili, dawa kama ibuprofen, diclofenac na aspirini huweza kumletea kidonda pale utumbo ulipounganishwa. Pombe nayo huingia katika damu upesi zaidi kuliko zamani, na imethibitika kuwa baadhi ya waliopasuliwa kwa njia hiyo hugeuka watumwa wa pombe miaka michache baadaye. Mwanamke aliyekuwa hashiki mimba huenda akashika kwa urahisi, ilhali anashauriwa kungoja kati ya miezi 12 na 18, na vidonge vya kupanga uzazi huenda visimkinge barabara. Amwulize daktari kuhusu njia nyingine.

Na kuna dalili zisizongoja. Anayetapika mfululizo kwa siku kadhaa aende hospitalini, kwa sababu vitamini B1 huisha mwilini kwa majuma machache na upungufu wake huharibu ubongo. Amweleze mhudumu kuwa alipasuliwa, ili apewe vitamini hiyo kabla ya kutundikiwa maji ya sukari. Maumivu makali ya ghafla tumboni, hata kama miaka kumi imepita, huenda yakawa ni utumbo uliojinyonga. Hayo si ya kutibiwa kwa dawa ya kiungulia.

Moyo nao una maumivu yake. Ngozi iliyokuwa imetanuka hubaki ikining'inia. Majirani wanaomwona mtu amekonda ghafla huanza kunong'ona kuwa ana ukimwi. Uzani ukirudi kidogo, kama inavyotokea kwa wengi, yeye huona haya kurudi kliniki, akajificha wakati anapohitaji msaada zaidi. Huzuni yake huweza kuzidi hata akafikiria kujiua. Hivyo mshauri wa nafsi ana nafasi yake katika matibabu haya sawa na mpasuaji.

Basi wewe unayefikiria upasuaji huu, usiulize bei ya siku hiyo pekee. Uliza ni nani atakayekupima damu mwaka wa tano. Piga hesabu ya vidonge vya kila mwezi, vipimo na nauli ya kliniki, uone kama mfuko wako utahimili. Ukienda kupasuliwa ng'ambo, rudi na maandishi yanayoeleza ni njia ipi iliyotumika, na umtafute daktari wa hapa nyumbani kabla ya kupanda ndege. Nakala ya maandishi hayo ikae nawe daima, na jamaa yako mmoja ajue ilipo.

Nazo hospitali zinazotangaza tiba hii ziache kuonyesha picha za mwaka wa kwanza pekee. Ziweke orodha ya kila waliyempasua, zimpigie simu asipofika kliniki, na zimwandikie daktari wa karibu na kwake. Wizara ya Afya nayo ihakikishe kuwa wauguzi na matabibu wa vituo vya mashinani wanafundishwa dalili hizi. Mgonjwa aliyepasuliwa Nairobi huenda akaugua akiwa Kitui au Busia, na atakayemwona kwanza ni tabibu wa huko.

Na wewe uliyekwisha kupasuliwa, ukaacha vidonge kwa kuwa unajiona buheri wa afya, nenda ukapimwe juma hili. Hakuna daktari wa maana atakayekukemea kwa kupotea. Ganzi ya miguu ikiwahiwa hutibika, na damu iliyopungua huongezwa. Usingoje mwili ukudai deni ambalo ungeweza kulilipa kidogo kidogo.