Unahama ploti Kericho au Bomet? Kusafisha nyumba peke yake hakutarudisha dipoziti yako

Mwisho wa mwezi ukifika, simama kando ya barabara pale Kapsoit, Litein au Silibwet. Utaona Probox imefungwa godoro juu, kapeti limekunjwa, jiko la gesi limeshikwa mapajani na masufuria yanagongana nyuma. Kijana anahama. Usiku wote alikuwa akisugua sakafu, na mikono bado inanuka sabuni. Amepanga kwamba dipoziti akirudishiwa, ndiyo atalipa nyumba anakoenda.

Halafu mwenye nyumba anaingia. Hatazami sakafu. Anatazama ukuta.

"Kijana, hii rangi utalipa."

"Lakini mzee, niliupata ukuta ukiwa hivi."

"Una ushahidi?"

Hana. Dipoziti imekwisha hivyo. Probox ishalipwa, na kule anakoenda wanamngoja na pesa ambazo hana.

Mambo haya yako kote Kenya. Ila katika eneo hili la majani chai yana uzito wake, na wanaoumia sana ni vijana. Tuangalie ni kwa nini.

Kutoka kambini hadi ploti

Kwa karibu miaka 100, tangu Brooke Bond na Finlay walipoanza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, maelfu ya familia hapa hazikujua dipoziti ni nini. Waliishi kambini, kwenye nyumba za kampuni. Mzazi akiwa na kazi, mna nyumba. Kazi ikiisha, nyumba nayo inaisha. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba inayofaa au amlipe pesa za kutosha za kodi juu ya mshahara. Mashamba makubwa yalichagua nyumba.

Sasa mambo yamebadilika. Mashine za kuchuna chai zimechukua nafasi ya mikono mingi. Wafanyakazi waligoma kuzipinga mwaka 2010, na Mei 2023 mambo yakaharibika kabisa Kericho: mashine zilichomwa, vijana wakakabiliana na polisi, na mtu mmoja akafa. Kampuni zenyewe zimebadilisha mikono. Mashamba ya Finlay yaliuzwa kwa Browns ya Sri Lanka, na mwaka 2024 Lipton nayo ikatangaza kuwauzia Browns hao hao mashamba yake.

Kwa familia ya kambini, habari hizo za mashine na wawekezaji zina maana moja: wengi watahama. Kijana aliyezaliwa kambini, ambaye mama yake alichuna chai miaka 20, leo anapanga chumba kimoja Nyagacho au Brooke. Ni mara yake ya kwanza kulipa kodi, na atakapohama itakuwa mara yake ya kwanza kudai dipoziti. Nyumbani hakuna wa kumfundisha, kwa sababu wazazi wake hawakuwahi kuidai.

Na pesa hizo si kidogo. Agizo la mishahara la mwaka 2024 liliweka kima cha chini cha kibarua wa mashambani kuwa karibu shilingi 8,000 kwa mwezi. Wanaolindwa na mikataba ya chama cha KPAWU hupata zaidi, lakini vibarua wengi hawamo. Ukilipa kodi ya 3,000 na dipoziti ya 3,000 siku ya kuingia, hiyo ni zaidi ya wiki tatu za jasho. Halafu mtu aibakishe kwa sababu ya alama ya msumari?

Mwenye nyumba naye ana hadithi yake

Tusiwe watu wa kulaumu upande mmoja tu. Ploti nyingi hapa si za matajiri wa Nairobi. Ni za mkulima mdogo wa chai aliyejenga vyumba sita vya kupangisha kwa bonasi ya KTDA, au mwalimu aliyechukua mkopo wa sacco. Huyo mwenye nyumba ameona mambo pia. Ameona mpangaji aliyehama usiku na deni la maji, akaacha sinki imevunjika na ukuta wa jikoni mweusi kama chungu. Na bonasi ya 2025 iliposhuka, wakulima wa Kericho na Bomet wakalalamika sana wakijilinganisha na wenzao wa Mlima Kenya.

Hapo ndipo shida yenyewe ilipo. Dipoziti yako haiko mahali popote ikikungoja. Ilitumika siku ile ile uliyoitoa: ilinunua mbolea, ililipa karo, ilitengeneza paa. Ukihama, mzee anatakiwa kutafuta pesa mpya, na mara nyingi anangoja mpangaji mwingine aingie ndipo akulipe. Asipompata haraka, rangi ya ukuta inakuwa sababu nzuri.

Wapangaji nao wamejifunza mbinu yao. Mwezi wa mwisho hawalipi kodi. "Mzee, kula dipoziti." Ni rahisi, lakini wenye nyumba wameshtuka. Wengine sasa wanaitisha dipoziti ya miezi miwili, wengine wanaongeza "pesa ya rangi" isiyorudishwa. Kila upande ukijilinda, anayeumia ni yule anayeingia mjini kwa mara ya kwanza akiwa na pesa chache mfukoni.

Uingereza waliona shida hii hii. Tangu Aprili 2007, mwenye nyumba kule England lazima aiweke dipoziti kwenye mpango uliokubaliwa na serikali. Mkibishana kuhusu ukuta, anayeamua ni mtu wa tatu, na mwenye nyumba aliyekataa kuiweka huko anaweza kuamriwa akulipe hadi mara tatu ya pesa yenyewe. Hapa kwetu hakuna mpango kama huo. Mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu chini ya sheria ya 2024, lakini dipoziti yake ya 3,000 haina mlinzi.

Sheria inasema nini kuhusu ukuta

Hata hivyo, hatujaachwa bila kitu. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 66, inamtaka mpangaji airudishe nyumba ikiwa katika hali aliyoipata. Lakini inaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: mpangaji hawajibiki kwa uchakavu wa kawaida wa matumizi. Rangi iliyofifia kwa miaka mitatu ni uchakavu wa kawaida. Sakafu ya simenti iliyopauka mlangoni, vilevile. Kioo ulichovunja si uchakavu. Mlango uliopigwa teke si uchakavu. Moshi wa kuni uliopikia ndani ya chumba cha kulala, huo ni wako.

Ugomvi mkubwa hapa kwetu ni ukungu. Kericho hunyeshewa karibu mwaka mzima, na mvua ya alasiri huwa haikosi. Chumba chenye dirisha dogo na paa linalovuja kitaota ukungu hata ukae nacho kama yai. Ukungu unaotokana na paa bovu au ukuta unaonyonya maji si kosa lako, bora uwe ulimwambia mwenye nyumba mapema. Mwambie kwa ujumbe wa simu, usiishie kwa mdomo, maana ujumbe una tarehe. Lakini kama ulifunga dirisha miezi sita na kuanika nguo ndani kila siku, hapo itabidi mkubaliane.

Kuhusu notisi, ukilipa kodi kwa mwezi, notisi ni mwezi mmoja kwa pande zote mbili. Iandike, hata kama ni mistari mitatu. Ukihama ghafla unampa mwenye nyumba sababu halali ya kubaki na pesa yako.

Safisha kwa mpango

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Usianze usiku wa kuhama. Anza wiki moja mapema, na uende kutoka juu hadi chini, la sivyo utasafisha sakafu mara mbili.

Masizi ya jikoni yafagie kwanza yakiwa makavu, kwa ufagio laini au brashi. Ukianza na maji yanatapakaa, na ukuta unakuwa mbaya kuliko ulivyokuwa. Baada ya hapo tumia maji ya moto na sabuni.

Ukungu unatoka kwa dawa ya klorini kama Jik iliyochanganywa na maji. Fungua mlango na madirisha, paka, ngoja kidogo, sugua, kisha acha ukuta ukauke kabisa. Na tafadhali, dawa hiyo usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Hutoa gesi ya sumu, na chumba cha ploti ni kidogo. Usiwe mtu wa kupelekwa hospitali siku ya kuhama.

Tope letu jekundu liache likauke, ulifagie, ndipo upige deki. Ziba matundu ya misumari. Rudisha balbu kama uliipata ikiwepo. Lipa maji, chukua risiti, na upige picha mita ya tokeni.

Kupaka rangi je? Usikimbilie kununua mkebe wa rangi kabla ya kuongea na mwenye nyumba. Kuna waliopaka kwa pesa yao, kisha wakaambiwa rangi si ile, na dipoziti ikakatwa vilevile. Akisema lazima ipakwe, muulize fundi wake ataitisha pesa ngapi, na uombe risiti.

Ushahidi ndio unaorudisha pesa

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Tunasafisha vizuri sana, lakini hatuna la kuonyesha. Nyumba safi bila picha ni neno lako dhidi ya neno la mzee, na ufunguo anao yeye.

Siku ya kuingia, kabla hujatandika godoro, piga picha kila ukuta, sinki, choo, kufuli na dari. Mtumie mwenye nyumba au keateka kwa WhatsApp: "Habari ya leo mzee, hivi ndivyo nimepata nyumba." Mkaribishe kwa heshima, si kwa vita. Siku ya kuhama, piga picha zile zile. Mwite aje mtembee pamoja chumbani, na mwandike kwenye karatasi kilichoharibika, ni pesa ngapi, na salio litalipwa lini. Nyote wawili mtie sahihi. Rudisha ufunguo mbele ya mtu.

Akikataa kulipa, usitusi wala kuvunja kitu. Anza kwa chifu. Wazee wengi hapa bado wanasikiza wakiitwa huko. Kwa nyumba ya kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kuna Mahakama ya Kodi za Nyumba chini ya sheria ya Rent Restriction. Pia kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016 kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Kesi inafaa kuisha ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Uliza kwenye masjala ya mahakama ya Kericho, Bomet au Sotik jinsi ya kufungua dai lako.

Na wanaotoka kambini? Kama familia yenu inaondolewa kwa sababu mashine imechukua kazi, msihesabu funguo za nyumba peke yake. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinataka notisi ya mwezi mmoja kwa chama na kwa afisa wa leba, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliofanyiwa kazi. Mama aliyechuna chai miaka 20 anadai siku 300. Nyumba msafishe na mkabidhi vizuri, lakini mtu asiwaambie kwamba ukuta mchafu unafuta siku hizo.

Kazi iliyobaki si ya kijana na ufagio wake peke yake. Wabunge wetu wa Kericho na Bomet huongea sana juu ya mashine za chai. Wakitaka kumsaidia aliyepoteza kazi kwa mashine hizo, waanze na jambo dogo: sheria inayosema dipoziti iwekwe wapi na irudishwe baada ya siku ngapi. Hadi hapo, tafuta brashi, tafuta sabuni, na simu yako iwe na chaji.