Mjomba, Latvia haikumalizwa na mkataba

Najua nimepotea. Boksi zimenielemea, zamu za usiku mfululizo, na baridi ya huku Lincolnshire haina adabu. Leo badala ya kulala nimekaa kuandika, na sababu ni mjomba.

Mjomba alinipigia Jumapili. Kasikia redioni kwamba Latvia, nchi ndogo kule Baltiki, imeisha watu tangu ijiunge na NATO na Umoja wa Ulaya. Basi akahitimisha: na sisi tutoke Jumuiya ya Afrika Mashariki kabla hatujaisha! Mjomba nakuheshimu, wewe ndiye uliyenilipia ada ya sekondari, lakini hapa umeteleza na nitakubishia hadharani.

Kupungua wamepungua, tena vibaya. Sensa ya 1989 ilihesabu watu milioni 2.67. Mwaka 2000 wakawa milioni 2.38, mwaka 2011 milioni 2.07, na 2021 hawakufika hata milioni 1.9. Sasa angalia tarehe. NATO waliingia Machi 2004, Umoja wa Ulaya Mei mwaka huohuo. Karibu watu laki tatu walikuwa wameshapungua kabla! Jeshi la Kisovieti liliondoka, raia wengi wenye asili ya Urusi wakarudi kwao, viwanda vikafa, watu wakapunguza kuzaa. Ukraine haimo NATO wala Umoja wa Ulaya, nayo ilitoka milioni 51 na nusu mwaka 1989 ikafika milioni 48 na nusu mwaka 2001, miaka mingi kabla ya vita hii ya sasa. Hao nao walimalizwa na mkataba gani?

Na Estonia je? Ni jirani yao kabisa, waliingia pamoja siku zilezile. Kati ya sensa ya 2011 na ya 2021 watu wa Estonia waliongezeka kidogo, wa Latvia wakazidi kupungua. Mkataba uleule, matokeo mbalimbali.

Lakini msidhani nawatetea wakubwa wa Brussels. Kuna wasomi huku husema wale watu waliondoka kwa hiari yao, basi yameisha. Hao ndio wananiudhi kuliko mjomba. Kiwandani kwetu, pale tunapopakia karoti, nasimama mstari mmoja na mama wa Latvia, mtu wa Latgale, upande wa mashariki karibu na Urusi. Mwaka 2003 walipoulizwa kwa kura kama waingie Umoja wa Ulaya, theluthi mbili ya waliopiga kura walisema ndiyo, na yeye alikuwa mmojawapo. Aliahidiwa maisha ya Ulaya. Alidhani yatamfuata kwake.

Ukaja msukosuko wa 2008. Serikali ikakopa mabilioni kwa IMF na Umoja wa Ulaya, na masharti yakawa kubana matumizi. Mishahara ya watumishi ikakatwa, shule nyingi zikafungwa, hospitali nazo zikapunguzwa. Yeye alikuwa mwalimu. Shule yake ikafungwa, deni la nyumba likabaki palepale. Uingereza ilikuwa imefungua mlango wa ajira tangu 2004, pamoja na Ireland na Sweden, wakati Ujerumani ilisubiri mpaka 2011. Akaja 2009, akawaacha watoto wawili kwa bibi yao miaka mitatu. Hiari gani hiyo? Wakubwa wakasifiwa kwamba uchumi umepona haraka. Ukipunguza watu mezani, wali utatosha tu! Mwaka 2013 ndipo serikali ikaleta mpango wa kuwarudisha waliotoka. Yeye anacheka akiusikia.

Nilimuuliza kama angepiga kura tena angesema hapana. Akakataa katakata. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022 anamshukuru Mungu kwamba nchi yake imo NATO. Shaka yake ni nyingine: kijijini kwao wamebaki wazee, sasa hao askari wa kigeni wanakuja kumlinda nani? Hapo sikuwa na jibu, nikaendelea kupanga karoti.

Kwa hiyo mjomba, mkataba ulikuwa mlango. Aliyewasukuma nje ni aliyewafungia shule na kuwaachia mshahara usiolipa deni, na huyo ni serikali yao wenyewe pamoja na waliowakopesha. Hawa ndio wa kuulizwa. Sisi Tanzania tulitoka milioni 44.9 sensa ya 2012 tukafika milioni 61.7 ile ya 2022, tumo ndani ya Jumuiya muda wote huo, kwa hiyo hofu ya kuisha iweke pembeni kwanza.

Ila nyumba tano za ukoo pale kwetu, mbili zina kufuli. Lushoto ilisaini mkataba gani na Dar es Salaam? Mimi mwenyewe nilitoka kwa sababu shamba la viazi halikutosha watoto sita, na hakuna kiongozi aliyewahi kuja kutuuliza tunaondokaje.

Haya, zamu inaanza saa nne usiku. Mjomba, ukikasirika nipigie. Mama, hela ya dawa nimetuma jana, mwambie dogo akaitoe.