Mwongozo Ukae na Programu Yake

MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, ilipoanza Tanzania miaka ya 1990, vitabu vyake vilipewa namba. Namba 5 ni rejesta ya wagonjwa wa nje, namba 6 ya wajawazito, namba 7 ya watoto, namba 12 ya wodi ya wazazi. Na namba 1 ni mwongozo, unaoeleza jinsi vingine vyote vinavyojazwa. Waliopanga hivyo walikata shauri ambalo waandishi wa programu huria bado wanalibishania: maelezo yakae kabati moja na kazi yenyewe. Muuguzi wa zahanati ya milimani wilayani Same, huko Vudee au Mtii, akikwama kwenye safu ya rejesta, hakulazimika kumtafuta mtu wa Same mjini. Aliufungua mwongozo uliokuwa kando yake.

Kufikia mwisho wa 2013 takwimu za vitabu hivyo zilikuwa zinaingizwa kwenye DHIS2 nchi nzima. DHIS2 ni programu huria yenye mizizi Afrika Kusini ya baada ya 1994. Inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi kubwa ya kuiweka sawa na mahitaji ya Tanzania. Wilaya ya Same hailipii leseni, na msimbo wa programu uko wazi kwa yeyote. Ni jambo la kujivunia. Lakini mwongozo umetoka kabatini. Kipande kimoja kiko kwenye tovuti ya Oslo, kwa Kiingereza. Kingine kimo kwenye slaidi za semina, kingine kwenye kundi la WhatsApp, na kipande kikubwa kuliko vyote kimo kichwani mwa mratibu wa MTUHA wa wilaya. Siku akihamishwa, anaondoka nacho.

Swali basi ni nyaraka za programu huria zikae wapi. Mimi nina upande. Wengi hupima kwa urahisi wa kusoma. Naona kipimo kingine kitangulie. Nyaraka zikae pale ambapo kosa likionekana litasahihishwa, na sahihisho litamfikia kila msomaji. Kwa kipimo hicho slaidi zinaanguka mara moja, maana nakala yenye kosa hubaki kwenye flashi za watu miaka na miaka. WhatsApp nayo inaanguka: jibu zuri la Jumatatu, kufika Ijumaa limefunikwa na taarifa za vikao na misiba, na mgeni aliyeingia kundini Jumamosi halioni kabisa. Tovuti ya wiki inakaribia kufaulu, kwa kuwa kila mtu anaweza kuihariri, ila ukurasa wake mara nyingi hausemi unaeleza toleo gani la programu, na msomaji anatafuta kitufe ambacho kwenye kompyuta yake hakipo.

Ndiyo maana nasema mwongozo ukae hazina moja na msimbo. Kiini cha Linux kinafanya hivyo. Nyaraka zake zina folda yao humo humo. Anayebadilisha utendaji wa programu anaweza kubadilisha na maelezo yake kwa mkupuo mmoja, na mkaguzi akaviona vyote viwili kabla ya kuvipokea. Kinachowekwa hapo pia hudumu kuliko mradi uliokizaa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Leo LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, bado ina Kiswahili cha Tanzania kati ya lugha zake.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba muuguzi wa milimani hana akaunti ya GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, na hana sababu ya kuwa nayo. Ni kweli. Lakini mahali pa kuhifadhia si lazima pawe mahali pa kusomea wala pa kulalamikia. Kutoka hazina hiyo moja unaweza kutoa kurasa za tovuti, kijitabu cha kuchapa, na msaada unaosomeka bando likiwa limekwisha. Malalamiko yapite kwa simu hadi kwa mratibu, mradi kuna mtu anayelipwa kuyaingiza.

Maelezo kukaa mbali na wenye kazi si jambo geni huku. Sarufi ya mmisionari Ernst Kotz ya Chasu, lugha ya Wapare, ilichapwa Berlin mwaka 1909, kwa Kijerumani. Lugha ilitoka milima ya Upare, iliko Same, lakini mwenye lugha asiyejua Kijerumani hangeweza kuona pale mwandishi alipokosea. Hali hiyo sitaki irudi kwa takwimu za uzazi.

Kwa haki, mwongozo wa Oslo wenyewe uko wazi, na kila toleo la programu lina wake. Pengo letu liko kwingine. Oslo inaeleza kitufe. Haiwezi kueleza jumla ya Kitabu namba 12 inahesabiwaje, au mama aliyejifungulia njiani akiletwa zahanati aandikwe wapi. Hayo ni yetu, na DHIS2 imeyaachia nafasi: kila kipengele cha takwimu kina uwanja wa maelezo, unaoweza kutafsiriwa. Hapo ndipo Kiswahili cha mwongozo kinapostahili kukaa, kimeshikana na namba inayojazwa. Kisha mpangilio wote uhamishwe kuwa faili za maandishi, uwekwe kwenye hazina ya umma, na kila badiliko lionekane nani kalifanya na lini.

Kwa hiyo mkataba wa semina ijayo ya mfumo huu uongezwe kipengele: malipo ya mwisho yasitoke mpaka maswali yaliyoulizwa semina hiyo yawe yamejibiwa ndani ya nyanja hizo za maelezo, kwa Kiswahili, na mratibu wa wilaya ayasome kabla ya kutia saini.