Teatre ya Barabarani: Nani Anachagua Mwisho?

Tunapashwa kuambiana ukweli. Siku hizi kila mtu anasema teatre ya barabarani inaamsha watu. Lakini ile tunayoletewa, mara nyingi haiamshe mtu. Inapitisha tangazo tu.

Angalieni namna inavyofanyika. Gari inafika ku soko na kipaza sauti na tisheti. Waigizaji wanacheza kolera: mama mjinga hanawe mikono, anagonjwa, mtu wa mayele anakuja kumufundisha, wote wanapiga makofi. Mwisho ulijulikana tangu siku karatasi iliposainiwa ofisini. Na mu kartye ile ile robine haitoe maji! Mama mmoja akiinua mkono kuuliza, "Maji ya kunawa tutatosha wapi?", anajibiwa kwamba saa imeisha. Lakini swali la mama yule njo lilipashwa kuwa mchezo wenyewe.

Watu watasema: bila feza ya mfadhili, waigizaji watakula nini? Ni kweli, mwigizaji ana watoto, na kazi yake inapashwa kulipwa. Sikatae feza. Ninakataa feza inunue mwisho wa hadisi.

Wengine, zaidi sana sisi tuliosoma, tunazarau: eti ni vichekesho, eti ni Kiswahili cha barabara. Tukumbuke Mufwankolo na kundi lake hapa Lubumbashi. Mwaka 1986, mtaalamu Johannes Fabian aliwauliza maana ya msemo "le pouvoir se mange entier", ni kusema, utawala unaliwa muzima. Hawakumupa jibu la darasani. Waliufanya kuwa mchezo, wakabishana juu ya maana yake katika mazoezi, bila kuandika maneno mbele, kisha wakaenda kuucheza katika kijiji cha Kawama. Ilikuwa wakati wa Mobutu, na kila mtu alijua kwamba kuuliza habari ya utawala si kazi ya watoto. Kutoka kazi ile Fabian aliandika kitabu kizima, Power and Performance, kilichotoka mwaka 1990. Mawazo yale yote yalibebwa na Kiswahili chetu hiki hiki, pamoja na Kifaransa kinachoingia humo.

Leo katika semina tunafundishwa njia ya Augusto Boal (1931-2009), mtu wa Brezili: mtazamaji anasimamisha mchezo, anaingia pahali pa mwigizaji, anajaribu njia ingine. Ni njia nzuri. Lakini hatukuwe watu wa kukaa kimya mbele ya hadisi. Jioni kwenye moto, wazee wetu hawakuacha musimulizi aseme peke yake: watu waliitika, waliimba pamoja naye, walimukatiza na kumuuliza. Kumunyamazisha mtazamaji ndiyo desturi ya kigeni.

Basi, ninyi viongozi wa vikundi, mbele ya kusaini karatasi, ombeni mambo mawili. La kwanza, kisha mchezo, watu wapewe nusu saa ya kusema na kubadilisha mwisho. La pili, mkubwa wa kartye ao mtu wa komini awe pale, asikie kwa masikio yake habari ya robine. Mfadhili akikataa, mujue hakukuja kuamsha watu. Alikuja kutafuta foto za raporo yake, na kwa hiyo akodishe mupiga foto, aache teatre yetu.