Nairobi ina muziki wa ndoto, haina mahali pa kuusikilizia

Mwaka 2018 Kanye West alipotoa albamu yake "Ye", Nairobi ilichangamka kwa siku mbili hivi. Ndani ya wimbo "Yikes" kulikuwa na sauti inayozunguka chini ya ngoma, na walioijua wakasema hapo hapo: aki hiyo si ni "Kothbiro"? Ilikuwa yenyewe. Kanye alikuwa ameichota kutoka kwa Black Savage, bendi ya Nairobi ya miaka ya sabini, na kwenye orodha ya watunzi wa "Yikes" kuna majina mawili ya kwetu, James Mbarack Achieng na Ayub Ogada. Tukapiga skrinshoti, tukaweka bendera, kesho yake tukarudi kubishana kuhusu mambo mengine.

Sina shida na bendera. Shida ni kwamba wengi wetu tuliishia hapo. Tulifurahia sekunde chache ndani ya wimbo wa Mmarekani na hatukwenda kusikiliza albamu ambayo Ogada aliurudia wimbo huo kwa njia yake, "En Mana Kuoyo" ya 1993. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo albamu ya ndoto kuliko zote zilizowahi kutoka kwa mwanamuziki aliyekomaa katika jiji hili.

Kama hujawahi kuisikia, weka hedifoni usiku taa zikiwa zimezimwa. Hakuna ngoma ya kukugonga kifuani. Kuna nyatiti, nyuzi nane zinazozunguka zunguka mpaka unasahau mzunguko ulianzia wapi, na juu yake sauti nyororo ya Kijaluo inayoimba kana kwamba mwenyewe hajui kuna mtu anasikiliza. Mpiga nyatiti wa kawaida huketi chini kwenye kigoda, amevaa njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akiigonga kwenye mbao ya chombo chenyewe. Mtu mmoja anakuwa bendi nzima. Ogada alichukua chombo hicho, ambacho nyumbani kimezoea matanga na sherehe, akakipunguzia mwendo. "Kothbiro" maana yake mvua inakuja. "En mana kuoyo" ni kama kusema ni mchanga tu. Mimi Kijaluo changu ni cha kuombea chakula, lakini sijawahi kuhisi nimefungiwa nje ya nyimbo zile.

Watu wa ughaibuni wangeuweka muziki kama huu kwenye rafu ya saikedeliki, neno linalotukumbusha Wazungu wa miaka ya sitini wenye nywele ndefu. Wasee, sisi hatukuhitaji nywele. Muziki wa kurudiarudia mpaka akili inatoka mahali ilipo na kwenda matembezi, huo tulikuwa nao kando ya ziwa kabla ya gitaa la umeme.

Na ulipita hapa hapa katikati ya jiji. Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956 akiitwa Job Seda, na kama uliona filamu ya "Out of Africa" ya 1985, basi umemwona, maana aliigiza humo kwa jina hilo. Kabla ya hapo alikuwa na Black Savage, vijana wa mjini waliokuwa wakipiga roki. Kisha, mwaka 1979, akawa mmoja wa waanzilishi wa African Heritage Band. Bendi hiyo ilitokana na duka la sanaa la African Heritage pale Kenyatta Avenue, lililoanzishwa na Alan Donovan pamoja na Joseph Murumbi, yule aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa nchi hii. Hebu fikiria hilo kidogo. Mtu aliyeacha umakamu wa rais akaenda kukusanya vinyago na vitambaa, na dukani kwake kukazaliwa bendi iliyochanganya vyombo vya asili na magitaa ya roki. Leo ukipita Kenyatta Avenue utauziwa kava ya simu.

Mwaka 1986 Ogada akaenda Uingereza. Huko alipiga nyatiti kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi London, watu wakipita na mikoba yao, mpaka watu wa tamasha la Womad wakamsikia. Albamu ikatolewa na Real World, lebo ya Peter Gabriel. Mwaka 2005 "Kothbiro" ikatumika kwenye filamu ya "The Constant Gardener", na watu ulimwenguni wakalia kwenye sinema bila kujua jina la anayeimba. Mwaka 2015 akatoa "Kodhi" akiwa na mpiga gitaa Mwingereza Trevor Warren, nyuzi za nyatiti na nyuzi za gitaa zikiongea polepole. Alifariki Februari 2019 upande wa Kisumu, ambako alikuwa amerudi kuishi.

Sasa angalia njia hiyo. Muziki ulichemshwa Nairobi, ukasikilizwa kwanza kwa makini kwenye kituo cha treni London, ukatunzwa na lebo ya Uingereza, ukarudi kwetu kupitia Kanye. Na si hadithi ya wazee peke yao. KMRU, yaani Joseph Kamaru, mjukuu wa yule Joseph Kamaru mkubwa wa muziki wa Kikuyu, hurekodi sauti za mitaa na kuzigeuza kuwa kitu kama ukungu. Albamu yake "Peel" ya 2020 ilitolewa na Editions Mego, lebo ya Vienna, na yeye akahamia Berlin. Mwaka huo huo Duma, wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu yao kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Duma si muziki wa ndoto, ni jinamizi lenye spika, lakini njia ni ile ile. Ukiwa na kitu cha ajabu hapa, unatafuta mlango wa kutokea.

Nawajua wawili ambao hawajatoka. Sitawataja kwa sababu wameniomba nisubiri mpaka kazi iishe. Mmoja anaishi Kangemi, mwingine Kawangware, na kwa mwaka mmoja na nusu wamekuwa wakirekodi albamu kwenye keja ya huyu wa Kangemi, karibu na Waiyaki Way. Msichana anaimba na kupiga kibodi ndogo ya mkononi, jamaa anapiga gitaa la nyuzi za nailoni na kushughulika na kompyuta. Nimesikia nyimbo saba. Kiswahili kidogo, Kiluhya kidogo, sauti mbili zinazofuatana kama watu wanaopanda ngazi gizani, na gitaa limepitishwa kwenye mwangwi mpaka linasikika kama linapigwa ndani ya tangi la maji. Ni nzuri. Sisemi hivyo kwa sababu ya urafiki. Kuna marafiki nimewaambia waache.

Wanarekodi kuanzia saa nane usiku. Kabla ya hapo haiwezekani: kuna malori barabarani, kuna nganya, kuna jirani na redio yake, kuna kanisa la kesha siku za Ijumaa. Maikrofoni inawekwa ndani ya kabati la nguo, mlango unafunikwa kwa godoro, na mwimbaji anaimba akiwa amejifunika blanketi. Tokeni za stima zikiisha katikati ya wimbo, wimbo umeenda. Asubuhi jamaa anaingia kazini, anauza vifaa vya simu mjini, na msichana anafunza watoto wa watu kibodi Lavington, nyumba ambazo ukimya wake peke yake ungewapa albamu tatu. Kutoka Lavington hadi Kawangware ni mwendo wa miguu. Ukimya haujawahi kuvuka hiyo barabara.

Mwezi wa nane walipata nafasi ya kupiga kwenye baa moja Westlands. Nilikuwepo. Walipewa dakika ishirini, wakapewa maikrofoni moja kati ya mbili walizoahidiwa, na walipofika wimbo wa tatu meneja akawasha skrini ya mpira kwa sababu, alisema, watu wamepoa. Watu hawakuwa wamepoa. Walikuwa wanasikiliza. Meza mbili nzima zilikuwa zimenyamaza, jambo ambalo kwenye baa ya Nairobi ni kama muujiza, na yule meneja aliona ukimya akadhani ni hasara.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama. Tumezoea kupima muziki kwa kelele unayoleta. Msiniandikie barua, napenda gengetone, napenda arbantone, na kuna asubuhi ambazo matatu ya 46 yenye spika mbovu ndiyo inayonifanya niamini maisha. Jiji hili lina haki ya kuwa na kelele. Lakini jiji la mamilioni ya watu haliwezi kuwa na mpangilio mmoja wa moyo. Kuna mtu anarudi kutoka kibaruani Industrial Area, amesimama saa kumi na mbili mfululizo, na anachohitaji si kuambiwa arushe mikono juu.

Najua pia watakaosema huu ni muziki wa watu wa Lavington, wa mvinyo na mablanketi kwenye nyasi. Hiyo hoja nimeisikia hata kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Jibu langu ni nyatiti. Hakuna aliyeileta nyatiti kutoka kwenye duka la kahawa. Muziki wa polepole ulikuwa wa watu wa kawaida, na kama leo umekuwa wa wenye gari, ni kwa sababu maeneo yenye utulivu yamekuwa ya wenye gari.

Tuje kwenye doo. Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. Fanya hesabu ya hawa wawili. Albamu ya nyimbo tisa, kila wimbo ukisikilizwa mara 900 kwa mwaka, hizo ni mara 8,100. Mapato: sufuri. Kwa wimbo wa klabu, 1,000 ni wikendi moja. Kwa albamu ambayo mtu huisikiliza peke yake usiku, akiirudia labda mara tano kwa mwezi, huo ni mlima. Sheria ni moja kwa wote, lakini inajua inamlenga nani.

Kwa hivyo ukipenda albamu ya namna hii, inunue. Bandcamp hukata asilimia 15 kwenye mauzo ya kidijitali na kinachobaki, ukitoa ada ya malipo, kinamwendea msanii. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inatosha kulipia. Mtu mmoja akinunua kwa dola tano amewapa hawa wawili zaidi ya mara zile 8,100 za kusikilizwa. Najua dola tano ni chakula cha siku kadhaa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na ninaishi kwa kuandika, sihitaji kufundishwa bei ya unga. Lakini tunalipa zaidi ya hapo kwenye mlango wa klabu na hatukumbuki nani alipiga.

Suala la mahali ni gumu zaidi, na hapo si letu peke yetu. Leo ukitaka kusikiliza muziki mtulivu katikati ya jiji ukiwa umekaa kwenye kiti, utaelekezwa Alliance Française au Goethe-Institut. Nawashukuru, kweli, nusu ya wasanii ninaowapenda niliwaona huko. Lakini hiyo ni Ufaransa na Ujerumani. City Hall iko wapi?

Kaunti ina jengo linalofaa kabisa, nalo liko Banda Street: Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Miaka yake ya kwanza Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Sasa ni yetu, na shirika la Book Bunk limekuwa likishirikiana na kaunti kufufua maktaba za jiji, ikiwemo hiyo na zile za Kaloleni na Makadara. Jumba lina nguzo, lina dari refu, na lina sheria moja ambayo kila Mkenya aliyewahi kuingia maktaba anaijua bila kuambiwa. Jioni moja kwa mwezi, baada ya wasomaji kutoka. Viti hamsini. Tiketi mia mbili, hamsini kwa mwanafunzi. Maikrofoni mbili zinazofanya kazi, na hakuna skrini. Mwisho uwe saa mbili na nusu ili wa Kangemi na Kawangware wapate matatu kabla ya nauli kupanda.

Hilo halihitaji tume wala kongamano la uchumi ubunifu. Linahitaji mtu mmoja ndani ya kaunti mwenye funguo na askari mmoja wa kulipwa masaa ya ziada. Na mtangazaji mmoja kwenye redio kubwa mwenye ujasiri wa kucheza "Kothbiro" saa nne usiku, bila kuikata katikati kutuambia ni Kanye aliyeitumia.

Wawili wa Kangemi wamebakisha nyimbo mbili. Wamesimama kwanza kwa sababu ya mvua; keja ni ya mabati na ikinyesha hakuna kinachosikika kwenye maikrofoni isipokuwa paa. Jamaa amekuwa akiirekodi hiyo mvua pia. Anasema huenda ikaingia kwenye wimbo wa mwisho, msichana anakataa, na nilipoondoka kwao Jumapili walikuwa bado wanabishana.