Fernando Valenzuela alijaza kiwanja, lakini deni la ardhi lingali pale

Fernando Valenzuela alifariki tarehe 22 mwezi wa kumi 2024, akiwa na miaka 63. Mjini Los Angeles, Marekani, wapenzi wa besiboli walipeleka maua na mishumaa kwenye kiwanja cha timu yake, Dodgers, na kukumbushana siku zake. Walikuwa na haki ya kumlilia. Lakini kumbukumbu inayoanzia siku Fernando alipoingia kiwanjani ni nusu tu ya habari.

Katika besiboli, mtupaji anarusha mpira, na mpinzani anajaribu kuupiga kwa gongo. Mtupaji akiwa mkali, wapinzani wanarudi nyumbani bila kitu. Fernando alikuwa mkali. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya watoto 12 wa familia ya wakulima, katika kijiji cha Etchohuaquila, kaskazini mwa Mexico. Tarehe 9 mwezi wa nne 1981, akiwa na miaka 20 tu, alipewa mechi ya kufungua msimu kwa sababu mwenzake aliumia. Dodgers wakashinda 2-0.

Mashabiki wa wakati ule hawajasahau: kijana mnene kidogo, mwenye kutumia mkono wa kushoto, anayeinua macho mbinguni kabla ya kurusha. Mpira wake ulipinda upande ambao mpigaji hakuutazamia. Alishinda mechi zake nane za kwanza, na katika tano kati ya hizo wapinzani hawakupata hata pointi moja. Mwaka huo alichaguliwa mchezaji mpya bora wa ligi yake na pia mtupaji bora. Hakuna mwingine aliyewahi kupata tuzo hizo mbili katika msimu mmoja. Katika fainali dhidi ya Yankees ya New York, Dodgers wakiwa wamepoteza mechi mbili, alirusha mipira 147 katika mechi ya tatu na kushinda 5-4. Dodgers wakachukua kombe.

Hakujua Kiingereza. Mbele ya waandishi wa habari, mtangazaji wa redio Jaime Jarrín ndiye alimtafsiria. Kwa wafanyakazi wa mashamba, wa viwanda na wa majikoni waliotoka Mexico, kumsikia mtu akijibu kwa lugha yao, na Marekani nzima ikingoja tafsiri, ilikuwa heshima ambayo hawakuizoea. Wakajaza kiwanja.

Na kiwanja hicho kina historia yake. Eneo la vilima linaloitwa Chavez Ravine lilikuwa na vijiji vitatu: Palo Verde, La Loma na Bishop. Wakaaji wake wengi walikuwa watu wenye asili ya Mexico. Kuanzia mwaka 1950, serikali ya mji iliwaambia wahame, kwani itajenga hapo nyumba za watu wenye kipato kidogo. Mamia ya familia waliondoka. Nyumba hizo hazikujengwa. Mpango uliachwa, na baadaye ardhi ikapewa Dodgers. Mwezi wa tano 1959, polisi waliwabeba watu wa mwisho na kuwatoa nje kwa nguvu, kisha mashine zikabomoa. Kiwanja kikafunguliwa mwaka 1962. Wazee wengine waliapa kutokanyaga pale.

Wako wanaosema Fernando aliponya kidonda hicho. Ni kweli kwamba kwa ajili yake wengi walipita mlango ambao wazazi wao waliukataa. Lakini walipita kama wageni wenye tiketi, si kama wenye ardhi. Mtupaji anaweza kurudishia watu furaha, hawezi kuwarudishia nyumba. Kumbebesha mchezaji kazi hiyo ni kuwapunguzia viongozi mzigo wao.

Hata yeye alionja kuondolewa. Mwezi wa tatu 1991, mkono wake ukiwa umechoka, timu ilimwacha. Alirudi mwaka 2003 kama mtangazaji wa redio kwa Kispania, na mwaka 2023 timu ilistaafisha namba yake, 34. Kwake, heshima ilichelewa, lakini ilifika.

Kwa watu wa vilima haijafika. Mwaka uleule wa 2024, wabunge wa California walipitisha sheria ya kutafuta fidia kwa familia hizo. Gavana alikataa kuitia sahihi.

Anayempenda Fernando kweli asichague kati ya kumbukumbu hizi mbili. Awasimulie watoto juu ya mipira 147, kisha awataje Palo Verde, La Loma na Bishop. Yeyote aliyehamishwa kutoka shamba la babu yake anajua kwamba shangwe, hata ya watu elfu hamsini, si hati ya ardhi.